Mtaa wa Hanover, Boston: Waitaliano Waliowatetea Sacco na Vanzetti

Hapa North End, kitovu cha wahamiaji wa Kiitaliano, ndipo ilipokuwa ofisi ya kamati ya kuwatetea Nicola Sacco, fundi wa kiwanda cha viatu, na Bartolomeo Vanzetti, mchuuzi wa samaki aliyeshiriki mgomo wa kiwanda cha kamba mjini Plymouth mwaka 1916. Walikamatwa Mei 1920, wakashtakiwa kwa mauaji ya watu wawili waliobeba mishahara ya kiwanda huko South Braintree. Kamati iliasisiwa na mchapaji Aldino Felicani.

Vanzetti alitangulia kushtakiwa kwa jaribio la uporaji la tarehe 24 Desemba 1919. Majirani zake walipanda kizimbani wakasema siku hiyo alikuwa akiwauzia mikunga, kitoweo chao cha mkesha wa Krismasi. Ushahidi wao mwingi ulipitia kwa mkalimani. Haukuaminiwa, na ni vigumu kuamini kwamba asili yao ya Kiitaliano haikuchangia.

Katika kesi ya mauaji ya South Braintree, Sacco na Vanzetti walipatikana na hatia, na hukumu ya kifo ilitolewa 9 Aprili 1927. Maandamano yalizuka kuanzia hapa hadi Ulaya na Amerika Kusini, lakini wote wawili waliuawa kwa kiti cha umeme 23 Agosti. Siku tano baadaye, maelfu walisindikiza majeneza kutoka mtaa huu hadi makaburi ya Forest Hills, mvua ikinyesha, polisi wakiwakabili.

Mwaka 1977 Gavana Michael Dukakis, mwana wa wahamiaji wa Kigiriki, alitangaza kwamba kesi yao haikuendeshwa kwa haki. Hakusema kama walikuwa na hatia au la.