Magofu ya Roma na Istilahi za Chapa

Mfasiri akutanapo na maandishi yahusuyo sanaa za Ulaya, mara nyingi hutosheka na neno picha. Neno hilo ni jepesi na kila mtu hulielewa. Lakini wepesi huo una hasara yake. Katika makala haya tunakusudia kuionyesha hasara hiyo kwa kufuata historia ya fundi mmoja, Giovanni Battista Piranesi, ambaye chapa zake za magofu ya Roma zingali zikiwavuta wasanii wa siku hizi.

Piranesi alizaliwa mwaka 1720 karibu na Venice. Mwaka 1740 alikwenda Roma, na huko akajifunza kwa Giuseppe Vasi ufundi wa kuchora juu ya bamba la shaba nyekundu. Mfululizo wake uitwao Vedute di Roma, yaani Mandhari za Roma, ulimshughulisha kwa miaka thelathini hivi, ukafikia mabamba 135. Mwaka 1756 alitoa juzuu nne za Le Antichità Romane. Katika utangulizi wake alieleza kwamba mabaki ya mji wa kale yalikuwa yakipungua siku kwa siku, mengine kwa kuchakaa, mengine kwa kubomolewa na wenye mali. Basi akaazimia kuyahifadhi kwa njia ya chapa.

Ufundi wenyewe ulikuwa hivi. Bamba hupakwa nta, na fundi huichora nta hiyo kwa sindano hata shaba ikaonekana. Kisha bamba hutiwa katika tindikali, nayo hula shaba pale tu palipochorwa. Nta huondolewa, wino husuguliwa ndani ya mifereji iliyoliwa, uso wa bamba hufutwa, na karatasi yenye unyevu hugandamizwa juu yake kwa nguvu. Katika chapa ya mbao mambo ni kinyume: wino hukaa juu ya sehemu zilizoachwa zikiinuka. Yafaa tukumbuke kuwa kitenzi chetu kuchora tangu zamani kilimaanisha pia kuchonga na kutia alama juu ya kitu kigumu. Kwa hiyo lugha yetu si ngeni katika kazi hii. Upungufu uko katika kutoainisha.

Hata hivyo, ufundi ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni ushahidi. Piranesi alipochora mandhari za Roma, aliyatazama majengo yaliyokuwapo; lakini alipenda kuyatazama kutoka chini na kuweka watu wadogo mbele yake, hata kuta zikaonekana kubwa kupita kiasi. Goethe, aliyefika Roma mwaka 1786 akiwa amekwisha kuzijua chapa hizo, aliona kuwa magofu ya hamamu ya Caracalla hayakulingana na fahari aliyoizoea katika karatasi. Tena Piranesi alikuwa na kazi nyingine, Carceri, yaani Magereza, ambayo haikuonyesha mahali popote duniani. Toleo la kwanza, lililotoka karibu na mwaka 1750, lilikuwa na mabamba 14; katika toleo la mwaka 1761 aliyatia giza zaidi, akaongeza mawili. Mfasiri aitaye mandhari na magereza hayo kwa neno moja, picha, humfanya mwanafunzi achukue ndoto kuwa ushahidi wa historia.

Haja hiyo haijakwisha. Érik Desmazières, msanii wa Ufaransa aliyezaliwa Rabat mwaka 1948, ametumia ufundi uleule wa bamba na tindikali kuchora miji na majengo ya kubuni, pamoja na kumbi za maktaba isiyo na mwisho iliyoelezwa katika hadithi ya Jorge Luis Borges. Naye Vik Muniz wa Brazili, mwaka 2002, aliyaiga Magereza ya Piranesi kwa pini na nyuzi, kisha akayapiga picha. Kazi ya kwanza ni chapa ya bamba. Ya pili ni fotografia iliyotokana na chapa. Tukiziita zote chapa, tumepotosha. Tukiziita zote picha, hatukusema neno.

Kwa sababu hizo tunapendekeza wafasiri na walimu watumie chapa ya tindikali kwa kazi iliyoliwa kwa tindikali, chapa ya nakshi kwa ile iliyochongwa moja kwa moja katika bamba kwa ncha ya chuma, na chapa ya mbao kwa ile ya ubao. Mandhari ibaki kwa mahali palipoonwa, na mandhari ya kubuni kwa mahali pasipokuwapo. Pia mwaka wa toleo utajwe daima, kwani bamba moja laweza kubadilishwa na mkono uleule uliolichora.

Magofu mengi aliyoyaona Piranesi yamepungua au yametoweka, na baadhi yake tunayajua kwa karatasi zake. Shahidi wa namna hii hana budi aitwe kwa jina lake, ili tujue ni wapi pa kumwamini.