Mchikichi na Ardhi Iliyoitwa Tupu

Mawese ni chakula chetu cha kila siku. Sombe bila mawese haina ladha, na maharagwe vilevile. Tumeyazoea hata hatuulizi tena habari zake. Lakini mti unaotupa mawese, yaani mchikichi, umefanya safari ndefu kuliko watu wengi. Ulitoka katika mapori ya Afrika, ukavuka bahari, ukawatajirisha watu wa mbali, kisha ukawa sababu ya mapori makubwa kuangamia. Leo serikali na makampuni ya nchi nyingi wanatafuta namna ya kuuza na kununua mawese pasipo kuua pori na viumbe wake. Tunataka kuzifuata habari hizo tangu mwanzo, maana ajuaye ugonjwa ulikoanzia huchagua dawa vizuri. Kwa mawazo yetu, ugonjwa huu ulianza na neno moja dogo: neno «tupu».

I. Mti uliotoka kwetu

Mchikichi ni mwenyeji wa Afrika ya Magharibi na ya Kati. Zamani za kale wazee walikwea kwa mkanda, wakakata vichala, wakachemsha matunda, wakayatwanga na kukamua mafuta. Mti huu hupenda jua, haustawi katika kivuli cha miti mirefu. Kwa hiyo huota kwa wingi mahali palipolimwa zamani na penye vijiji vilivyohamwa. Ukikuta michikichi mingi pamoja katikati ya pori, ujue kwamba huenda watu walikaa hapo kabla yako. Tulishike neno hili, litatufaa mbele.

Mwaka 1807 Uingereza iliwakataza raia wake biashara ya watumwa. Pwani za Afrika ya Magharibi ambako meli zilichukua watu, zikaanza kuchukua mawese zaidi na zaidi. Ulaya ilikuwa inajenga viwanda, navyo vilihitaji mafuta ya kulainisha mashine, ya kutengeneza mishumaa na sabuni, na baadaye ya margarini. Katika miaka ya 1880 Mwingereza mmoja, William Lever, alianza kuuza sabuni yake iitwayo Sunlight. Sabuni hiyo ilipendwa sana, na Lever akawa anatafuta mafuta kila upande wa dunia. Ndivyo alivyofika Kongo.

II. Neno «tupu»

Tarehe 1 Julai 1885 Serikali ya mfalme Leopold II ilitoa amri kwamba ardhi yote tupu ya Kongo ni mali ya Serikali. Ardhi tupu ni ipi? Kwa macho yao, ni ile isiyo na nyumba wala shamba. Lakini muulizeni mwenyeji yeyote. Pale pasipo nyumba ndipo anapowinda, ndipo anapookota uyoga na kuchuma dawa, ndipo lilipo shamba la baba yake linalopumzika, na ndipo walipozikwa wazee. Hata ile michikichi tuliyoitaja ilikuwa shahidi: ilisimama pale kwa sababu watu walipita pale. Ardhi haikuwa tupu. Iliitwa tupu ili ipate kutolewa.

Nayo ilitolewa. Mwaka 1911 Ubelgiji ulipatana na Lever. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilichorewa maduara matano juu ya ramani, kila moja likiwa na kilomita 60 toka katikati mpaka ukingoni. Ndani yake iliweza kuchagua hadi hekta 750,000. Duara lililojulikana zaidi ni la Leverville, yaani Lusanga ya leo, kwenye mto Kwilu. Katika mapatano kampuni iliahidi mishahara, hospitali na shule, na ni kweli kwamba baadhi zilijengwa. Lakini wakataji wa vichala wengi hawakwenda kwa hiari. Walisukumwa na kodi na kwa nguvu. Bei ya mawese ilipoanguka katika masoko ya Ulaya, malipo yao yakapunguzwa, lakini kodi ikabaki. Mwaka 1931 Wapende waliasi, na mamia yao wakauawa.

Tuangalie vizuri jambo hilo. Bei ilishuka mbali sana, katika mji ambao mkataji hajauona. Lakini aliyelipa ni mkataji. Ndiyo desturi ya biashara ya mbali: anunuaye haoni, na auzaye yuko mbali hata kilio chake hakisikiki. Mafuta yakiwa rahisi dukani, ni lazima kuna aliyelipa sehemu iliyobaki. Pengine ni mtu, pengine ni pori.

III. Michikichi minne ya Bogor

Tuvuke bahari sasa. Mwaka 1848 Waholanzi walipanda miche minne ya michikichi katika bustani yao ya miti huko Bogor, katika kisiwa cha Java. Watoto wa miti hiyo walipelekwa Sumatra, wakapandwa kando ya njia za mashamba ya tumbaku kuwa pambo tu. Kwa muda wa miaka mingi hakuna aliyewajali. Mwaka 1911, mwaka uleule wa mapatano ya Lever, Mbelgiji Adrien Hallet alianza kuwapanda Sumatra kwa biashara. Mwaka 1917 Mfaransa Henri Fauconnier akafanya vivyo hivyo huko Selangor, katika Malaysia ya leo.

Maarifa mengine yalitoka hapa kwetu. Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, shirika la uchunguzi wa kilimo, ambalo kituo chake kikubwa kilikuwa Yangambi. Hapo wataalamu Beirnaert na Vanderweyen walionyesha, mwaka 1941, kwamba mchikichi wenye kokwa la gamba nene ukizalishwa na ule usio na gamba, mtoto wao huwa na gamba jembamba na nyama nyingi, yaani mafuta mengi. Mbegu za namna hiyo zimepandwa duniani kote.

Tena kuna habari ya mdudu mmoja mdogo. Huko Malaysia michikichi ilikuwa haizai vizuri, na watumishi walipaswa kupita mti kwa mti wakitia unga wa maua dume katika maua jike kwa mikono. Watu wengi walidhani upepo ndio unaofanya kazi hiyo Afrika. Lakini mchunguzi Rahman Syed alikwenda Kameruni akaona kwamba kazi ile hufanywa na mdudu wa jamii ya fukusi, anayekaa katika maua yenyewe. Mwaka 1981, baada ya kuhakikisha kwamba hadhuru mimea mingine, wadudu hao waliachiliwa katika mashamba ya Malaysia. Vichala vikajaa, na ile kazi ya mikono ikakoma.

Je, tumeona? Mti ulitoka katika nchi za mapori yetu. Mbegu nzuri ilitokana na miti ya kwetu. Mdudu pia alitoka kwetu. Utajiri wote huo ulikuwa umefichwa ndani ya mahali palipoitwa tupu. Nani ajuaye ni mdudu gani mwingine, au mti gani, tutakaouhitaji kesho?

IV. Hasara

Leo Indonesia na Malaysia hutoa zaidi ya sehemu 80 kati ya 100 za mawese yote ya dunia. Watu wengi wa huko wameepukana na umaskini kwa mchikichi, wala si haki kulisahau jambo hilo. Lakini mapori waliyokata yalikuwa makubwa mno. Wataalamu waliohesabu viumbe wameona kwamba wanyama, ndege na wadudu wa pori wanaoweza kuishi katika shamba la michikichi hawafiki hata robo. Katika kisiwa cha Borneo anaishi sokwe mwekundu aitwaye orangutani. Kati ya mwaka 1999 na 2015 Borneo ilipoteza orangutani zaidi ya 100,000, kwa kukatwa kwa mapori na kwa kuwindwa. Mashamba ya michikichi ni moja katika sababu hizo.

Ubaya uliozidi ulikuwa katika vinamasi. Huko majani na miti iliyokufa hulala majini pasipo kuoza, ikawa udongo mweusi wenye kina kirefu. Wakulima walichimba mifereji ili maji yatoke. Udongo ukakauka, na udongo huo ukikauka huwaka kama makala. Mwaka 2015 hekta milioni 2.6 ziliungua Indonesia, na moshi ukawafikia watu wa nchi jirani.

V. Dawa zilizojaribiwa

Pengine mtauliza: Kwa nini dunia isiache kununua mawese? Jibu si rahisi. Hekta moja ya michikichi iliyotunzwa hutoa tani 3 au 4 za mafuta kwa mwaka; hekta moja ya soya haifikishi hata tani moja. Tukiacha mawese, tutahitaji ardhi kubwa zaidi kwa mafuta mengine, na pori la mahali pengine ndilo litakalokatwa. Basi kazi si kuuacha mti, bali kubadili namna na mahali pa kuupanda.

Mwaka 2004 wenye mashamba, wafanyabiashara, wenye viwanda na mashirika ya kulinda viumbe walianzisha chama kiitwacho RSPO. Shamba likifuata masharti yake hupewa cheti. Mwaka 2018 masharti yaliongezwa ukali ili mapori yasikatwe kwa michikichi mipya. Leo mawese yenye cheti ni karibu sehemu moja kati ya tano za mawese yote ya dunia. Sehemu nne zilizobaki huuzwa bila cheti hicho, maana wanunuzi wakubwa kama Uhindi hutazama bei kwanza.

Serikali nazo zimefanya kazi. Mwaka 2011 Indonesia ilisimamisha ruhusa mpya katika mapori ya asili na vinamasi, na mwaka 2019 ikaifanya amri hiyo kuwa ya kudumu. Kuanzia mwaka 2013 makampuni makubwa ya kuuza mawese yaliahidi kutonunua kwa wakata pori. Baada ya mwaka 2012 ukataji wa pori kwa ajili ya michikichi ulipungua sana nchini Indonesia. Lakini tusijidanganye: bei pia ilikuwa imeshuka miaka hiyo. Bei ikipanda, kishawishi hurudi.

Shida kubwa ni kwamba mafuta huchanganyika. Mawese ya pori lililochomwa na mawese ya shamba la haki yakimiminwa katika tangi moja, hakuna awezaye kuyatenga tena. Lakini mchikichi wenyewe umetupa msaada. Matunda yake huharibika upesi, yapaswa kufika kinuni baada ya siku moja au mbili. Kwa hiyo ukikijua kinu, unajua ni mashamba ya upande gani yanayokilisha, na siku hizi picha zinazopigwa kutoka angani huonyesha kama pori la upande ule limekatwa. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Juu ya msingi huo Umoja wa Ulaya uliweka sheria mwaka 2023. Mambo saba yanatajwa: ng'ombe, kakao, kahawa, mchikichi, mpira, soya na mbao. Aingizaye vitu hivi Ulaya atapaswa kuonyesha shamba lilipo, na kwamba halikufyekwa porini baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kutumika kwake kumeahirishwa, na wengi wanabishana juu yake. Sisi tunaona neno moja la kuangaliwa. Huko Indonesia karibu sehemu 40 kati ya 100 za michikichi ni za wakulima wadogo. Kampuni ina makarani na mashine za kupima. Mkulima mdogo hana hata hati. Sheria ikimfungia mlango kwa sababu hana karatasi, atamwuzia yule asiyeuliza, na pori halitapata faida yoyote.

VI. Na sisi?

Mambo haya hayako mbali nasi. Kabla ya mwaka 1960 Kongo ilikuwa kati ya nchi za kwanza kwa kuuza mawese nje. Siku hizi inayanunua nje. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba katikati ya bonde la mto Kongo kuna vinamasi vyenye udongo mweusi kama ule wa Indonesia, kilomita za mraba zipatazo 145,000. Nayo kakao ya Beni na Ituri, na kahawa ya Kivu, zimo katika ile sheria ya Ulaya. Watakuja watu wenye fedha na ramani. Wataona kijani kitupu, nao watasema tena: Hapa ni tupu.

Tutawajibu nini? Tunayo michikichi ya kale iliyozeeka katika mashamba yaliyoachwa. Ipandwe upya kwa mbegu nzuri kwanza, kabla ya kugusa pori. Kando ya mito miti iachwe. Kila mkulima wa kakao na kahawa aandike mipaka ya shamba lake pamoja na jirani zake, maana siku itakuja ataulizwa. Tena iko amri ya Serikali ya Kongo ya mwaka 2014, inayoruhusu jamii ya wenyeji kuomba pori lao la asili, hadi hekta 50,000, wakalitunza na kulitumia wenyewe. Nchini Indonesia, mwaka 2013, Mahakama ya Katiba ilikata kwamba mapori ya wenyeji wa asili si mapori ya Serikali. Yaani huko pia neno «tupu» limeanza kukanushwa.

Wazee wetu hawakuwa na karatasi ya kuonyesha mwaka 1885. Sisi tunaweza kuwa nayo. Basi wenye kujua kusoma na kuandika katika kila kijiji wakae na wazee, wayaandike majina ya vijito, ya vijiji vya zamani, ya mahali pa uyoga na pa makaburi. Mahali palipoandikwa majina yake yote ni vigumu kupaita patupu.