Uhazili, Somo Tulilolipita Njiani

Ndugu Mhariri ameomba makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu, na najua wengi wenu mnatazamia habari za wakubwa waliopita katika mabweni yetu ya Tabora. Hao wamekwisha kuandikwa vya kutosha. Mimi nataka kusema juu ya chuo kingine cha mji uleule, yaani Chuo cha Uhazili, ambacho sisi wavulana wa mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikitaja zaidi kwa ajili ya wasichana wake kuliko kwa ajili ya masomo yao.

Masomo yenyewe yalionekana madogo: kupiga chapa, hati mkato, kutunza majalada na kuandika barua ya kikazi. Kozi za mwanzo tu, za waliomaliza kidato cha nne. Lakini baada ya miaka ishirini katika utumishi wa Serikali, nasadiki kwamba pasipo kozi hizo Kiswahili kingekuwa lugha ya Serikali kwa tangazo tu.

Tangazo lenyewe lilitolewa Januari 1967. Makamu wa Pili wa Rais, Ndugu Rashidi Kawawa, aliagiza shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Kawawa alisoma Tabora kama sisi, na kabla ya siasa alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Mambo ya ofisini hakusimuliwa. Mwezi uliofuata likaja Azimio la Arusha, mabenki yakataifishwa, na mashirika ya umma yakaanza kuongezeka. Kila shirika lilitaka meneja, na kila meneja alitaka mtu wa kumwandikia. Chuo cha Elimu ya Biashara cha Dar es Salaam kilikuwapo tangu 1965, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha kiliundwa kwa sheria ya 1972. Vyuo hivyo vilitoa wahasibu na mameneja, na sifa vikapata. Mhazili aliitwa “yule dada wa mapokezi”, hata kama hajawahi kukaa mapokezi siku moja.

Sasa tazameni kazi aliyopewa dada huyo. Hati mkato ya Isaac Pitman, iliyotokea Uingereza mwaka 1837, iliundwa kwa sauti za Kiingereza. Konsonanti ni mistari: mwembamba ni p, mnene ni b, mwembamba ni t, mnene ni d. Irabu ni nukta na vistari vidogo vya pembeni, ambavyo mwandishi mwenye haraka huviacha avikumbuke baadaye. Katika Kiswahili, ambacho takriban kila silabi yake huishia kwa irabu, jambo hilo ni hatari. Kiti, kata, keti na kuta zote ni k na t. Mkurugenzi “amekata” au “amekataa”? Mwandishi asipokuwa na mbinu ya kuzitenganisha, basi itambidi aokolewe na maana ya sentensi, na kwa hiyo sharti aielewe hoja ya mkubwa wake sawasawa, pengine kuliko mkubwa mwenyewe.

Tena kuna hesabu ya maneno. Matangazo ya kazi ya Serikali kwa miaka mingi yalimtaka Katibu Mahsusi Daraja la Tatu awe amefaulu hati mkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 kwa dakika moja. Themanini na themanini, kana kwamba ni mzigo mmoja. Neno letu “hawatakuandikia” Mwingereza hulisema kwa maneno sita. Anayehesabu maneno kwa idadi tu amemdhulumu anayeandika Kiswahili, na sijapata kumsikia mtu akilalamika kwa niaba yake.

Mashine ya chapa nayo ilitoka Marekani, ikauzwa na kampuni ya Remington tangu miaka ya 1870. Kwa bahati herufi zake zilitutosha. Lakini a, herufi tunayoitumia kuliko zote, iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote. Warsha na nyaraka zote za miaka ile zilipita kwenye kidole hicho.

Shahada yangu ya chuo kikuu haikugusa majalada hata kidogo. Nilipoajiriwa, aliyenifundisha namba za folio, kumbukumbu ya barua na tarehe ya jalada kuletwa tena mezani ni mama mmoja wa masjala. “Mwanangu,” aliniambia, “barua isiyo na folio ni karatasi ya kufungia karanga.”

Mwaka 2000 chuo cha Tabora kiliunganishwa na kile cha watumishi wa Serikali cha Dar es Salaam, kikazaliwa Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho baadaye kilifungua matawi Mtwara, Singida, Tanga na Mbeya. Kompyuta zikaingia, na cheo nacho kikabadilika: Katibu Mahsusi sasa ni Mwandishi Mwendesha Ofisi. Sina ugomvi na kompyuta. Ila wakubwa wa leo huandika wenyewe, hawasemi mtu akanukuu, na hati mkato inabaki ya kufaulia mtihani.

Kuna jambo moja linalonisumbua. Katika ofisi niliyowahi kufanya kazi, mhazili alistaafu akaacha madaftari tisa ya mikutano ya zamani. Mihtasari iliyopigwa chapa ipo, lakini mihtasari husafishwa. Maneno yaliyosemwa hasa yamo katika madaftari yale, na katika ofisi nzima hakuna aliyeweza kuyasoma. Wengi wetu tunao mama, shangazi au wake waliohitimu pale ng'ambo ya mji. Aliye na mtu wa namna hiyo, amwulize kama madaftari yake bado yapo, na kama atakubali kukaa na kijana mmoja ayasome kwa sauti.