Rangi za Mitume na Masahaba Katika Filamu

Qur'ani Tukufu inatufundisha katika Suratur-Rum, aya ya 22, kuwa kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni miongoni mwa ishara za Allah (s.w.). Je, wale waliogeuza visa vya Mitume (a.s.) kuwa filamu wameifanyia nini ishara hiyo?

Tukitazame kisa cha Nabii Musa (a.s.). Mwaka 1956 Cecil B. DeMille alitoa filamu ya The Ten Commandments, na nafasi ya Musa akapewa Charlton Heston, Mmarekani mweupe. Mwaka 2014 Ridley Scott alitoa Exodus: Gods and Kings. Mara hii Musa akawa Christian Bale, mzaliwa wa Wales, na Firauni akawa Joel Edgerton wa Australia. Watu wengi walilalamika kuwa wakuu wote wamefanywa Wazungu, na weusi wakaachiwa nafasi za chini. Scott akajibu kuwa asingepata fedha za kutengeneza filamu kubwa kiasi hicho kama mwigizaji mkuu angekuwa mtu asiyejulikana aitwaye Muhammad. Kwa kauli hiyo, soko ndilo lililochagua rangi ya Mtume wa Allah.

Ama sisi, tunayo habari iliyo bora zaidi. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alimwona Nabii Musa katika usiku wa Israa, akamsifu kuwa ni mtu mrefu, wa rangi ya maji ya kunde, mfano wa watu wa kabila la Shanua la Yemen. Umma umeihifadhi sifa hii kwa karne nyingi bila ya kuhitaji picha.

Je, tatizo litaondoka akitafutwa mwigizaji wa rangi hiyo? Hapana. Mwaka 1926, Youssef Wahbi wa Misri alipotaka kuigiza nafasi ya Mtume Muhammad (s.a.w.), Al-Azhar ilipinga naye akaacha. Wanazuoni walio wengi wamelishikilia katazo hilo kwa Mitume wote, kwa kuwa sura ya mwigizaji hubakia akilini mwa mtazamaji na kuchukua mahali pa Mtume mwenyewe. Nasi twaona hekima nyingine ndani yake: pasipo na sura, hakuna taifa litakalodai kuwa Mtume ni wa rangi yake.

Moustapha Akkad, mzaliwa wa Syria, alilichunga katazo hilo mwaka 1976 katika filamu ya The Message, ambamo Mtume (s.a.w.) haonekani wala hasikiki. Lakini baadhi ya Masahaba waliigizwa. Katika nakala ya Kiingereza, Hamza (r.a.) aliigizwa na Anthony Quinn, mzaliwa wa Mexico, na Hind na Irene Papas wa Ugiriki. Bilal (r.a.) akaigizwa na Johnny Sekka, mwenye asili ya Afrika Magharibi, na Najashi na Earl Cameron wa Bermuda. Katika nakala ya Kiarabu, Hamza alikuwa Abdallah Gheith wa Misri, na Hind alikuwa Muna Wassef wa Syria. Hapo pia twaliona soko: Maquraishi walibadilishwa sura kulingana na mnunuzi wa tiketi.

Hata hivyo, Waafrika katika filamu hiyo hawakupewa nafasi kwa hisani ya mtengenezaji. Sira yenyewe ndiyo iliyowaweka hapo: Bilal, muadhini wa Mtume, na Najashi, mfalme aliyewapa hifadhi Waislamu waliohamia Uhabeshi. Tena wapo wengine. Ummu Ayman, mama wa Kihabeshi, alimlea Mtume (s.a.w.), na mwanawe Usama aliteuliwa kuwa amiri wa jeshi angali kijana.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kubadili rangi ya mwigizaji hakuhalalishi kuigizwa kwa Mtume, na kuharamishwa huko hakutupi ruhusa ya kuunyamazia uwongo wa kihistoria. Watoto wetu wanazitazama filamu hizi. Tusipowasomesha Sira, watazijua sura za Mitume kutoka kwa wauza tiketi.

Wallahu aalam.