Kujenga tena kinywa chenye meno yote mabovu: kazi inaanzia chini, si kwenye meno mapya

Mtu mwenye jino moja bovu anajua la kufanya. Anaenda kwa muganga wa meno, jino linazibwa ao linang'olewa, anarudi nyumbani. Lakini kuna watu ambao shida yao si jino moja. Magego yametoboka, meno ya mbele yamevunjika na kubaki vipande, mengine yanacheza ndani ya fizi, na fasi zingine ni mapengo matupu. Mtu wa namna hiyo anatafuna upande mmoja tu. Nyama na maindi ya kuchoma ameyaacha zamani, anabakia na bugali na sombe. Akicheka anafunika kinywa kwa mkono, na akienda kuomba kazi anasema maneno machache.

Swali lake la kwanza, mara nyingi, ni hili: meno mapya ni dola ngapi? Muganga anayejua kazi yake anaanza na swali lingine: ni nini kiliharibu yale ya kwanza? Ikiwa chanzo kingali palepale, hata meno ya bei kali yataanguka sawa vile yale ya zamani, na feza zitakuwa zimepotea.

Shida hii si ya watu wachache. Katika ripoti yake ya mwaka 2022, Shirika la afya ulimwenguni (OMS) lilihesabu watu karibu miliari 3.5 wenye ugonjwa wa kinywa. Afrika ina waganga wa meno karibu 3 tu kwa watu 100,000. Ndiyo maana wengi wanafika kwa muganga wakiwa wamechelewa, meno kumi ao kumi na tano yameisha kuharibika.

Nini inaharibu kinywa kizima

Chanzo cha kwanza ni kutoboka kwa meno. Vijidudu vya kinywa vinakula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo inalainisha jino. Si wingi wa sukari peke yake unaoleta hasara, ni pia mara ngapi kwa siku. Mtu anayekunywa soda pole pole kuanzia asubuhi mpaka mangaribi, ao anayelamba bombo kila saa, meno yake hayapati muda wa kupumzika.

Chanzo cha pili ni ugonjwa wa fizi. Uchafu unaobaki shingoni mwa jino unakuwa mgumu sawa jiwe, fizi zinavimba na kutoka damu, kisha mfupa unaoshika jino unapungua. Jino linaweza kuwa zima kabisa, bila tobo hata moja, lakini linaanguka juu halina tena mfupa wa kulishika. Tumbako na ugonjwa wa sukari usiotunzwa vinaharakisha jambo hilo.

Kuna pia watu wanaosaga meno usiku wakiwa wamelala, mpaka meno yanakuwa mafupi. Wengine wana asidi ya tumbo inayopanda mara kwa mara. Wengine wameanguka na moto, ao wamezoea kufungua chupa kwa meno.

Kando ya volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira kuna jambo la pekee. Fasi zingine za huko maji ya mvua ao ya chemchemi yana floridi kupita kipimo cha OMS, ambacho ni miligramu 1.5 kwa litre moja. Mtoto anayekua akinywa maji hayo anaota meno yenye alama nyeupe ao za kahawia. Meno hayo yanaonekana mabaya, lakini si lazima yawe yameoza. Kuyang'oa kwa sababu ya rangi tu ni hasara kubwa. Muganga anaweza kusugua tabaka ya juu ama kuyafunika kwa rezini ya rangi ya jino.

Jino likitoka, mfupa unaondoka pia

Watu wengi wanasema: “Bora kuyang'oa yote, tuanze upya.” Neno hilo linasikika rahisi, lakini mfupa wa taya unaishi kwa sababu ya jino. Kisha kung'oa, fasi ile inaanza kukauka. Katika mwaka wa kwanza, ukingo wa mfupa unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya hasara hiyo inatokea katika miezi 3 ya kwanza. Kisha miaka mingi bila meno, taya inakuwa bapa, na meno ya kuvaa yanateleza kwa kukosa fasi ya kushika.

Kwa hiyo mzizi mzuri una bei, hata kama juu yake jino limevunjika. Muganga anaweza kusafisha mshipa ndani ya mzizi, kuuziba, kusimamisha nguzo ndogo, kisha kuufunika kwa kuroni. Hata mizizi miwili mitatu iliyobaki taya ya chini inaweza kusaidia meno ya kuvaa yasicheze. Lakini mzizi uliopasuka, ama ulio na ugonjwa mkubwa pembeni, hauwezi kubebeshwa kazi. Huo unatoka.

Hatua za kazi

Kazi ya kinywa kizima inaomba miezi, mara zingine zaidi ya mwaka mmoja. Wanaoifanya ni kikundi: mjuzi wa meno ya kutengeneza, wa mishipa, wa fizi, muganga wa kupasua, na fundi wa labo anayetengeneza meno yenyewe. Pahali ambapo wajuzi wote hawako, muganga mmoja anaweza kubeba sehemu kubwa na kutuma mgonjwa kwa wengine. Lakini mpangilio ni uleule.

Hatua ya 1 ni kuzima moto. Maumivu, usaha na uvimbe vinatibiwa mbele ya kitu chochote.

Hatua ya 2 ni kuchunguza. Mgonjwa anasema magonjwa aliyo nayo: sukari, tension, dawa za kupunguza nguvu ya damu kuganda, mimba. Kila jino linapimwa, radio inapigwa, na kinywa kinachukuliwa mfano wa plasta. Kisha hapo muganga anaandika: haya yanabaki, haya yanatoka, haya tutayaamua kisha miezi michache.

Hatua ya 3 ni kusafisha na kuponyesha. Uchafu mgumu unakwanguliwa, matobo yanazibwa, mishipa inatibiwa, mizizi isiyofaa inatoka. Mgonjwa anajifunza kusugua meno vizuri. Waganga wengine hawapiti hatua hii mpaka waone fizi zimeacha kutoka damu. Kuweka kuroni juu ya fizi zenye ugonjwa ni sawa kuezeka nyumba ambayo msingi wake unazama.

Hatua ya 4 ni kutafuta urefu wa uso. Mtu aliyekosa magego muda mrefu, uso wake unakuwa mfupi, kidevu kinakaribia pua, na meno machache ya mbele yanabeba uzito usio wao. Ndiyo maana yanazidi kuvunjika. Fundi anajaribu meno ya nta kwenye mashine ndogo inayoiga mwendo wa taya. Kisha mgonjwa anavaa meno ya muda ya plastiki kwa majuma ao miezi. Kama anatafuna vizuri, anasema bila shida na kiungo cha taya hakimuumi, kipimo ni kizuri.

Hatua ya 5 ni meno ya mwisho, yanayofuata umbo la yale ya muda.

Hatua ya 6 haina mwisho: kurudi kwa muganga kila miezi 3 mpaka 6 kwa usafi na uchunguzi. Anayesaga meno anapewa kifuniko cha kuvaa usiku.

Meno gani yanawekwa

Rezini ya rangi ya jino inajenga jino lililovunjika kidogo, bei yake ni ndogo na inatengenezeka tena ikivunjika. Kuroni ni kofia ya chuma ao ya kauri inayofunika jino lote. Daraja linaziba pengo kwa kushika meno ya pande mbili, lakini meno hayo lazima yapunguzwe kwanza, hata kama yalikuwa mazima. Meno ya kuvaa na kutoa, ambayo wakaaji wengi wanaita aparei, yanaweza kurudisha meno mengi kwa bei inayofikika. Yanaomba usafi wa kila siku na kutolewa usiku.

Implanti ni visi ndogo ya titani inayoingizwa ndani ya mfupa na kubeba jino juu yake. Chanzo chake ni Uswidi. Mwaka 1952, mchunguzi Per-Ingvar Brånemark alikuwa anaangalia mwendo wa damu katika mfupa wa sungura, akitumia kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, kilikataa: mfupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965 alimwekea visi hizo Gösta Larsson, mtu aliyekuwa na shida ya taya tangu kuzaliwa. Larsson alizitumia mpaka kifo chake mwaka 2006, zaidi ya miaka 40.

Lakini implanti haifai kwa kila mtu. Taya ya kijana anayekua ingali inabadilika. Mvuta tumbako na mgonjwa wa sukari isiyotunzwa wana hatari zaidi ya kuipoteza. Kwa njia ya kawaida visi inangojewa miezi 3 mpaka 6 ishikane na mfupa mbele ya kubeba jino. Na kinywa chenye ugonjwa wa fizi usiotibiwa kinaweza kupoteza implanti sawa kilivyopoteza meno.

Si lazima meno 32

Mgonjwa anayeambiwa bei ya kinywa kizima anaweza kukata tamaa na kurudi nyumbani bila kufanya kitu. Hapa kuna habari nzuri: mtu mzima hahitaji meno yote 32 ili ale vizuri. Katika nchi ya Uholanzi, muganga Arnd Käyser alionyesha mwaka 1981 kwamba meno machache yanayokutana vizuri, juu na chini, yanaweza kutosha. Uchunguzi mwingine ulifanywa Tanzania, na ulikuta watu wenye meno ya mbele, magego madogo yote na walau jozi moja ya magego makubwa wanatafuna kwa namna inayotosha. Japani ilianza kampeni mwaka 1989 kwa lengo hili: meno 20 kwa mtu wa miaka 80.

Kwa hiyo mpango unaweza kupunguzwa bila kuharibika. Kufika meno 20 yenye afya, yanayokutana, ni lengo bora kuliko kuroni 28 juu ya mizizi migonjwa. Na hatua tatu za kwanza ndizo zinazookoa zaidi, na mara nyingi ndizo zenye bei ndogo.

Kuna pia njia ya kuziba matobo bila umeme. Muganga anatoa sehemu iliyolainika kwa vyombo vya mkono, kisha anajaza simenti ya ayonoma inayoshika jino yenyewe. Njia hiyo ilianza Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na OMS iliitangaza mwaka 1994. Mwaka 2021 OMS iliingiza simenti hiyo, pamoja na dawa ya kusugua meno yenye floridi, katika orodha ya dawa za lazima. Kwa vijiji visivyo na umeme, jambo hilo lina uzito.

Mbele ya kulipa

Mgonjwa ana haki ya kuuliza. Radio imepigwa? Meno gani yanabaki, na kwa sababu gani? Mpango umeandikwa, pamoja na bei ya kila hatua? Jino la muda litavaliwa siku ngapi? Likivunjika, nani analipa? Vyombo vinasafishwa kwa moto wa otoklavu? Swali hili la mwisho si la aibu: chombo kichafu kinaweza kupitisha hepatiti B na virusi vya sida.

Atakayeahidi meno yote mapya kwa siku moja, bila radio na bila kugusa fizi, ni wa kuogopwa. Vilevile mtu wa njiani anayebandika jino la plastiki kwa kulimwagia rezini juu ya meno ya jirani. Jino linaonekana zuri siku ile, lakini uchafu unajificha chini yake, fizi zinaoza, na meno mawili mazima yanafuata lile lililopotea.

Nyumbani, kazi ni ya kila siku: kusugua meno mara mbili, moja ikiwa mbele ya kulala, kwa dawa iliyoandikwa floridi 1,000 mpaka 1,500 ppm. Chini ya daraja na pembeni ya implanti inapitishwa brosi ndogo ao uzi. Sukari inaliwa pamoja na chakula, si katikati ya saa.

Na kuna jambo lisilongoja mpango wowote. Uvimbe unaoshuka chini ya taya ao shingoni, pamoja na homa, shida ya kumeza, ya kufungua kinywa ao ya kupumua, ni hatari ya kifo. Amoksisilini iliyonunuliwa kwenye farmasi inaweza kupunguza uvimbe siku mbili tatu, lakini haiondoi jino linaloleta usaha. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku.