Jinsi Kwale Ilivyopata Watu Wake

Kaunti ya Kwale iko pembe ya kusini-mashariki ya Kenya, kuanzia Likoni hadi mpaka wa Tanzania, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 8,270. Sensa ya Agosti 2019 iliwakuta humo watu 866,820. Nusu karne nyuma, katika sensa ya 1969 iliyokuwa ya kwanza baada ya uhuru, walikuwa 205,602. Palipokuwa na mtu mmoja, leo wapo zaidi ya wanne.

Idadi ya watu wa mahali popote hubadilika kwa njia nne: watu huzaliwa, hufa, huhamia na huhama. Katika Kwale njia hizo hazikuwa na uzito sawa nyakati zote. Kwa karne nyingi nchi hii ilijazwa kwa kiasi kikubwa na wageni waliopokewa hadi wakawa wenyeji, na ikapunguzwa na njaa, ndui na vita. Kuzaliwa kwa watoto na kupona kwao kulichukua nafasi ya kwanza tangu katikati ya karne ya 20 tu.

Nchi na mvua yake

Watu wa Kwale hawakuenea sawasawa, na sababu ya kwanza ni mvua. Ukanda wa bahari, kutoka Waa na Tiwi kupita Diani, Msambweni na Gazi hadi Vanga, hupata mvua ya kutosha minazi, mikorosho, miembe na mihogo, na bahari huongeza kitoweo. Nyuma yake huinuka vilima vya Shimba, vyenye msitu na chemchemi. Ukivuka vilima hivyo unaingia nyika ya Kinango na Samburu, nchi kavu ya Waduruma, ambako mahindi hukauka mara kwa mara na ng'ombe na mbuzi ndio akiba ya nyumba. Wastani wa watu 105 kwa kilomita moja ya mraba, uliopatikana 2019, unachanganya mitaa iliyosongamana ya Ukunda na maboma yaliyotawanyika ya nyikani.

Wakulima wa kwanza, miji ya pwani na makaya

Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Robert Soper alichimba karibu na mji wa Kwale, akafukua vyungu vya wakulima waliojua kufua chuma. Vyungu hivyo ni vya karne za mwanzo baada ya Kristo, na aina hiyo ya ufinyanzi ikapewa jina la Kwale hata inapopatikana mbali, kama huko Usambara na Upare. Jembe la chuma lilibadilisha idadi ya watu. Eneo lililoweza kulisha kundi dogo la wawindaji sasa liliweza kulisha kijiji kizima.

Baadaye ilikua miji ya Waswahili. Msikiti wa Kongo, kwenye mlango wa mto Mwachema huko Diani, ungali unasaliwa. Kusini zaidi, Vumba Kuu, Wasini na Vanga zilikuwa makao ya Wavumba na madiwani wao. Miji hii iliishi kwa bahari na biashara, na ilitegemea wakulima wa bara kwa nafaka.

Wakulima hao wa bara ndio waliokuja kuitwa Wamijikenda, na katika Kwale ni Wadigo na Waduruma hasa. Masimulizi yao yanasema walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakakimbilia kusini na kujenga makaya, yaani vijiji vilivyozungukwa na msitu, na kwamba Wadigo ndio waliotangulia. Wanahistoria hawajakubaliana ni wangapi walihama kweli na wangapi walikuwepo tayari. Yasiyo na ubishi ni makaya yenyewe. Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza baadhi yake katika orodha ya Urithi wa Dunia, Kaya Kinondo ya Diani na Kaya Duruma zikiwemo.

Mpango wa kaya ulionyesha pia namna ya kuishi watu wengi mahali padogo. Kijiji kilikaa kwenye uwazi katikati ya msitu mzito ulioachwa makusudi uwe ngome. Njia zilikuwa chache, kila njia ikiwa na mlango, na fingo, kinga ya kiganga, ilizikwa ardhini kuwalinda wakazi. Ndani, kila ukoo ulijua upande wake. Ulinzi huo ulikuwa na kikomo: watu walipozidi, kundi moja lilitoka likaanzisha kaya nyingine. Katika karne ya 19 familia nyingi zilihamia mashambani, na kaya zikabaki mahali pa makaburi, maombi na vikao vya wazee.

Miongoni mwa Wadigo, ukoo ulifuatwa upande wa mama, na urithi ulikwenda kwa mpwa, hadi Uislamu ulipoenea sana mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 na kuimarisha haki ya mtoto kwa baba. Ukoo haukukua kwa uzazi pekee. Aliyekuja bila ndugu, kwa kukimbia njaa au deni, alipata wa kumpokea, na watoto wake wakahesabiwa humo.

Watumwa, njaa na mpaka

Mwaka 1837 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliwashinda Wamazrui waliotawala Mombasa, na tawi moja lao likahamia Gazi. Mashamba ya pwani yalilimwa na watumwa, wengi wakitoka nchi za Ziwa Nyasa na Msumbiji. Mkataba wa Sultani Barghash wa Zanzibar wa 1873 ulipiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, na mwaka 1907 utumwa ukaondolewa kisheria katika pwani ya Kenya. Waliokombolewa hawakurudi wote walikotoka. Wengi walibaki na kuoana na majirani, na wajukuu wao leo ni Wapwani kama wengine.

Njaa ilipunguza watu na kuwahamisha. Mbaya zaidi zilikuwa ile ya 1884 na ile ya 1898 hadi 1900, iliyokuja pamoja na ndui. Waduruma na majirani zao wa nyika waliteremka pwani kutafuta nafaka, na baadhi ya wazazi waliweka watoto rehani kwa waliokuwa na chakula. Wengine walikombolewa mvua iliporudi. Wengine walikulia huko huko, wakaoa au kuolewa. Kifo kilipunguza idadi ya nchi nzima, na uhamaji ukapunguza nyika na kuongeza ukanda wa bahari.

Vita navyo vilifuatana. Mbaruk bin Rashid wa Gazi aliwapinga Waingereza mwaka 1895 na 1896, kisha yeye na watu wake wakakimbilia upande wa Wajerumani. Mpaka aliouvuka ulikuwa bado mpya. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 yalichora mstari kutoka mlango wa mto Umba, na tangu hapo Wadigo wa Vanga na ndugu zao wa Tanga wanahesabiwa katika nchi mbili. Mwaka 1914 Wajerumani waliuvuka mstari huo hadi Gazi, na vita hivyo vikafuatwa na homa kali ya 1918 iliyoenea dunia nzima.

Miwa, makazi mapya na hoteli

Karne ya 20 ilileta wahamiaji wa aina nyingine, waliofuata mshahara na ardhi. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichoanzishwa miaka ya 1920 na kufungwa mwaka 1988, kilivuta vibarua kutoka bara ya Kenya na kutoka Msumbiji. Wamakonde waliofika kwa kazi za miwa na mkonge walizaa na kuzikana Kwale kwa vizazi kadhaa bila uraia. Asiye na kitambulisho hakuweza kusajili shamba wala kufungua akaunti ya benki. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba, ambao wengi wao ni wavuvi, walitambuliwa mwaka 2023.

Katika miaka ya 1950 na 1960 mpango wa makazi wa Shimba Hills uliwapa mashamba Wakamba na wengine kutoka sehemu zenye uhaba wa ardhi. Kuanzia miaka ya 1970 hoteli za Diani zikaanza kuvuta wapishi, madereva, wachonga vinyago na wafanyabiashara kutoka kila pembe ya Kenya. Ukunda, kilichokuwa kijiji kando ya barabara kuu, kikawa mji mkubwa kuliko yote katika kaunti, ukiwa na watu 62,529 mwaka 2009.

Kuhamia kwa wageni kulizua manung'uniko ya kazi na ardhi, na siasa ikayachochea. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na vurugu zikaenea hadi Ukunda na Diani. Watu waliotoka bara ya Kenya waliuawa na maelfu wakakimbia makazi yao. Katika majuma machache, sehemu ya watu waliokuwa wamekusanyika kwa miaka ilitoweka, na hoteli zikakosa wageni.

Hesabu zinasema nini

Kabla ya sensa ya 1948 serikali ya kikoloni ilikadiria watu kwa vitabu vya kodi ya nyumba. Tangu 1969 kuna sensa kila miaka kumi, na kwa Kwale matokeo ni haya: 288,363 mwaka 1979, 383,053 mwaka 1989, 496,133 mwaka 1999, 649,931 mwaka 2009, kisha 866,820.

Kuanzia 1979 hadi 2009, ongezeko la Kwale halikuzidi la taifa. Kati ya 1979 na 1989, kwa mfano, Kwale iliongezeka kwa asilimia 33 na Kenya nzima kwa asilimia 40. Kati ya 2009 na 2019 mambo yaligeuka: Kenya iliongezeka kwa asilimia 23, na Kwale kwa asilimia 33. Kwa kasi hiyo idadi huongezeka maradufu kila miaka 24 hivi.

Maelezo makubwa yako kwenye uzazi. Chanjo, kutokomezwa kwa ndui, hospitali kama ile ya Msambweni na baadaye vyandarua vyenye dawa vilipunguza vifo vya watoto kabla familia hazijapunguza uzazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto wanane. Kufikia 2014 wastani wa taifa ulishuka hadi 3.9, lakini Kwale ulikuwa 4.7. Mwaka 2019 nyumba ya Kwale ilikuwa na wastani wa watu watano, na ya taifa 3.9. Ulaya mabadiliko kama haya yalichukua karne nzima au zaidi. Kenya yanapita katika vizazi viwili au vitatu.

Sensa ni picha ya usiku mmoja, na yanayotokea katikati huhitaji jicho la karibu. Mwaka 2010 KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Chuo Kikuu cha Nagasaki cha Japani walianza kufuatilia idadi ya watu katika sehemu ya Kwale. Mtumishi wao alizunguka nyumba kwa nyumba na kuuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani ameingia na nani ameondoka tangu alipopita mara ya mwisho.

Watu wengi, ardhi ile ile

Ongezeko halitakoma mara uzazi utakapopungua, kwa sababu wasichana wengi waliokwisha kuzaliwa bado hawajafika umri wa kuzaa. Wakati huo huo ardhi haiongezeki. Shamba la minazi la babu hugawanywa kwa wana na wajukuu hadi kila mmoja abaki na kiwanja cha nyumba, na familia nyingi za pwani bado hazina hatimiliki. Uchimbaji wa titani, uliosafirisha madini kuanzia 2014 hadi ulipokoma mwishoni mwa 2024, ulihamisha familia za Nguluku kwenda Bwiti. Kando ya Shimba Hills wanakijiji na ndovu waligombania mashamba hadi hifadhi ya Mwaluganje ilipoanzishwa miaka ya 1990 kwa ardhi ya wanakijiji wenyewe, nao wakagawana mapato ya utalii.

Kwa hiyo mustakabali wa Kwale unategemea mambo mawili yanayoweza kupangwa: jinsi wasichana wanavyosoma na kupata huduma za uzazi, na jinsi ardhi inavyomilikishwa wanaoikalia, wawe wa kaya, wa kiwandani au wa juzi. Historia ya kaunti hii inaonyesha kwamba wageni wake wengi waligeuka wenyeji pale walipopata mahali pa kulima na sheria ya kuwatambua, na kwamba walifukuzwa au kuishi gizani pale vitu hivyo viwili vilipokosekana.