Wiki za Bwana Wilson

Nilipokuwa nikifundisha historia katika chuo cha ualimu, swali moja halikukosa kuulizwa kila mwaka: je, vikwazo vya uchumi vyaweza kuiangusha serikali dhalimu? Niliwajibu wanachuo kwa mfano wa Rhodesia, kwa kuwa gharama zake zilitufikia hata sisi.

Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba, 1965. Januari iliyofuata Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, aliuambia mkutano wa Jumuiya ya Madola mjini Lagos kwamba vikwazo vingemaliza kazi kwa wiki, si kwa miezi. Manowari zake zikailinda Beira tangu 1966 hadi 1975 ili mafuta yasipite. Yalipita. Yaliingia kwa njia ya Lourenço Marques na Afrika Kusini, na miongoni mwa wauzaji walikuwamo Shell na BP. Mwaka 1968 ukabuniwa ujanja: kampuni ya Kifaransa, Total, iipelekee Rhodesia mafuta, nao Waingereza waifidie kwa mafuta huko Afrika Kusini. Waziri mmoja wa Uingereza aliarifiwa. Wananchi walikuja kuyasoma katika ripoti ya Bingham mwaka 1978. Na ikumbukwe kwamba serikali yenyewe ilikuwa na hisa nyingi katika BP! Askari kasimama mlangoni, na bwana wake anapitisha magendo dirishani.

Walioumia kwanza ni Wazambia. Smith alipowakatia mafuta Desemba 1965, ilibidi wapelekewe mapipa kwa ndege, na kwa malori kutoka Dar es Salaam. Wazee wa Iringa na Mbeya wanaikumbuka barabara ile ya vumbi na tope, na madereva waliofia humo. Nafuu ilipatikana 1968, bomba la TAZAMA lilipofika Ndola, kilometa 1,710.

Sisemi vikwazo ni bure. Samora Machel alipofunga mpaka Machi 1976, huku Msumbiji ikipoteza mapato ya reli na bandari, Smith alibanika kweli, maana vita vya ukombozi navyo vilikwisha pamba moto. Lakini aliyemlazimisha kutamka, Septemba mwaka ule, kwamba anakubali utawala wa walio wengi ni John Vorster wa Afrika Kusini, rafiki yake, ambaye kwa kusukumwa na Kissinger alibana mafuta na risasi. Koki ilikuwa mkononi mwa Vorster tangu 1966. Kumnyima yeye mafuta, London haikuthubutu.